Shimo la Kumi na Saba

Kwenye ramani ya kampuni mashimo ni kumi na sita.
Kwenye daftari la baba ni kumi na saba.

Daftari lenyewe lina jalada la plastiki ya kijani,
na kila ukurasa una mwandiko wake wa kubana,
kama wa mtu anayelipia wino:
tarehe, lita, shimo, na alama ya vema
kwa safari iliyolipwa.

Kuralay analisoma ndani ya kontena la maabara,
hita ikinguruma, theluji ikikwaruza bati.
Huku Mangistau upepo haubishi hodi.
"Hili la mwisho ulilimwaga wapi?" anauliza kwenye simu.
Kimya. Kikohozi. Kijiko kinagonga bakuli la chai.
"Nyuma ya kisima cha ngamia," anasema Orazbay,
"pale palipokuwa na kisima."

Wakaenda wanne na katapila.
Mita moja ya mchanga mkavu, hakuna kitu.
Kisha meno ya chuma yakazama mahali laini
yakatoka na ulimi mweusi, unang'aa.
Miaka thelathini na minne chini ya ardhi
na bado lilikuwa bichi, linanuka lami na yai viza.

Sasa inaanza kazi isiyopendeza kwenye picha.
Tope hupashwa moto kwa mvuke, liache ukaidi.
Huongezwa maji, na dawa kidogo; ukizidisha
maji na mafuta hung'ang'aniana
kama ndugu kwenye kesi ya urithi.
Ndipo pipa lizungukalo hulipokea,
mara elfu tatu kwa dakika,
hadi kila mmoja akumbuke kwao:
mafuta bombani, maji tangini,
na mchanga unadondoka mkokotenini
na rangi ya kahawa iliyoungua.

Mafuta huuzwa. Wageni huonyeshwa hayo.

Mchanga hawaonyeshwi. Mchanga una sumu bado,
hutandazwa matuta, kina cha kiwiko,
ukachanganywa na samadi ya ngamia
aletayo Damegul, mke wa mlinzi, kwa kilo,
na mizani yake mwenyewe, maana ya kampuni haiamini.
Kisha trekta hupindua. Kisha maji. Kisha trekta.
Wanaokula ni vijidudu. Hatukuvileta;
vilikuwa mle mle gizani, vinadokoa,
vimekosa hewa tu.
Baridi ikiingia hulala. Kuralay huvingoja mpaka Aprili,
anaweka kiganja juu ya tuta
kama anayepima homa ya mtoto.

Mwezi wa nane baba alikuja, na viatu vya kutokea.
Alichota konzi ya mchanga, akanusa, akanyamaza.
"Hili ni langu?"
"Safari arobaini na moja. Nimejumlisha."
"Rubo tatu kila safari," akasema.
"Cherehani ya mama yako. Vitabu vyako vya kemia."
Hakuwa anajitetea. Alisema
kama anayesoma risiti.

Naye Kuralay, mwenye maneno ya kila kitu,
mwenye jina la kila tone litokalo kwenye chupa zake,
alitazama trekta likigeuka mwisho wa tuta.

Kipimo cha siku ile: gramu kumi na nane kwa kilo.
Mwaka uliopita sitini na mbili.
Inayoruhusiwa ni kumi.
Ameiandika kwenye daftari la kijani,
chini ya mwandiko wa kubana, bila vema.

Baba aliomba sabuni. Vidole vilikuwa vimeshika weusi,
mistari ya kiganja imejichora upya, yote, kama ya kijana.
"Sabuni haitoi," akamwambia.
Wasemao dawa ya moto ni moto hawakufika huku,
lakini akatoa chupa ya mafuta ya alizeti kabatini,
akammiminia, akamshika mikono yote miwili,
akaanza na kidole gumba.